Mama Shamba Anajibu: Ng'ombe Wanaohema, Farasi Wasio na Maziwa na Mbegu za Kwenye Sanduku

Barua nyingi mara hii zimetoka kwa wasomaji wetu wa Kentucky, na mimi mwenyewe naishi huku, nje kidogo ya Lexington. Kwa hiyo nimeamua ukurasa mzima uwe wa nyasi moja na ndugu zake: feskyu, kwa Kiingereza fescue. Nilikulia kwenye ng'ombe wa maziwa Nyandarua, nikafanya kazi ya ugani wa mifugo kabla ya kuja Marekani, na sijakutana na nyasi nyingine inayosifiwa na kulaumiwa na mkulima yule yule kama hii.

Mama Shamba, jambo. Mimi ni mtu wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, na nimechunga ng'ombe tangu utoto. Sasa nimekodi malisho karibu na Georgetown, Kentucky, nina ng'ombe weusi na mbuzi kadhaa. Nyasi ni tele na kijani kibichi. Lakini kuanzia mwezi wa sita ng'ombe wanahema kama waliokimbizwa, wanashinda ndani ya bwawa, manyoya yao ya baridi hayajatoka, na mitamba wawili hawajashika mimba. Nimewapa dawa ya minyoo, hakuna kilichobadilika. Jirani anasema ni joto tu. Ni kweli?
*Msomaji, Georgetown*

Ndugu yangu, jirani amekuambia nusu. Joto lipo, lakini ng'ombe mzima hupata kivuli, hunywa maji, jioni akarudi kula. Hao wako wamezuiwa kupoa. Kabla hujatumia dola nyingine dukani, nenda ukakague nyasi yenyewe. Chuma jani: kama ni pana, lina mistari minene upande wa juu, linang'aa upande wa chini, na kingo zake zinakwaruza ukipitisha kidole, na kama nyasi imeota kwa mashungi mashungi, basi umekodi shamba la feskyu ndefu. Katika kaunti yenu ningeshangaa kama ingekuwa kitu kingine.

Nikueleze ilivyofika hapo, maana bila historia hii dawa haieleweki. Feskyu ndefu asili yake ni Ulaya na Afrika Kaskazini. Mwaka 1931 profesa E. N. Fergus wa Chuo Kikuu cha Kentucky alipelekwa kuona kilima kwenye shamba la William Suiter, Kaunti ya Menifee, mashariki mwa jimbo hili. Nyasi ya pale ilikuwa imebaki kijani wakati nyingine zimekufa, na ilishika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua. Fergus aliondoka na mbegu, akaijaribu kwa miaka, na mwaka 1943 chuo kikaitoa kwa wakulima kwa jina la Kentucky 31. Ilienea kwa kasi. Ilivumilia ukame, tindikali ya udongo, kwato na meno. Leo inafunika mamilioni ya ekari kuanzia Missouri hadi Georgia.

Ila wafugaji walianza kuona ng'ombe walioshiba bila kunenepa. Kila dalili uliyoandika ilionekana wakati huo. Jibu lilipatikana miaka ya 1970 huko Georgia, ambako watafiti walilinganisha ng'ombe waliougua na waliokuwa wazima, wote wakila feskyu. Tofauti ilikuwa ndani ya shina: nyasi ya wagonjwa karibu yote ilikuwa na kuvu, na nyasi ya wazima ilikuwa nayo kidogo tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977. Kuvu hiyo sasa inaitwa Epichloë coenophiala. Haitoi doa wala unga juu ya jani, na jicho la mchungaji, hata la mtu wa Masisi, haliwezi kuiona. Inaishi katikati ya seli za nyasi, inaingia kwenye mbegu, na mbegu inaipeleka kwa mche mpya. Hairukii kwa upepo kutoka shina hadi shina.

Hapa ndipo penye kiini cha yote, na ningependa ukae napo. Nyasi inailisha kuvu, na kuvu inailinda nyasi dhidi ya wadudu, ukame na kulishwa kupita kiasi. Ule uimara uliomvutia Fergus kwenye kilima cha Suiter, sehemu kubwa ulikuwa kazi ya kuvu. Na kuvu hiyo hiyo hutengeneza sumu iitwayo ergovalini. Wataalamu walipouza feskyu iliyosafishwa kuvu, ng'ombe walipona na nyasi ikafa: ukame mmoja, malisho ya kukaza kidogo, ikatoweka. Huwezi kuchukua uimara wa Kentucky 31 ukaacha sumu yake, kwa sababu vyote viwili vinatoka kwa mpangaji mmoja.

Ergovalini hubana mishipa midogo ya damu. Ng'ombe hupoa kwa kupeleka damu kwenye ngozi. Mishipa ikibanwa, joto linabaki tumboni, naye anatafuta bwawa. Wakati wa baridi kali ubaya unageuka: damu haifiki miguuni, kwato zinauma na hata kung'oka, ncha za masikio na mkia zinakufa. Sumu hiyo pia hupunguza homoni ya prolaktini, ndiyo maana manyoya hayatoki kwa wakati wake na maziwa yanapungua. Mimba nazo hazishiki vizuri.

Sasa ya kufanya. Kwanza pima. Kila kaunti ya Kentucky ina ofisi ya ugani ya chuo kikuu. Waeleze unataka kupima kuvu kwenye feskyu, watakuonyesha namna ya kukata mashina chini kabisa, kutoka sehemu mbalimbali za malisho, na kuyapeleka yakiwa ya baridi. Usiogope Kiingereza chako. Ofisi hizo ziliwekwa kwa ajili ya mkulima, na mkulima ni wewe.

Pili, punguza sumu kwa kuchanganya. Tawanya mbegu za klova (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) nyekundu na nyeupe juu ya malisho kuanzia katikati ya Februari. Udongo ukiganda usiku na kuyeyuka mchana huzimeza wenyewe, huna haja ya kulima. Klova ikifika kama theluthi moja ya malisho utaona mabadiliko kwenye migongo ya ng'ombe. Wasiingie kwenye klova changa yenye umande wakiwa na njaa, watajaa gesi. Wape hei kwanza.

Tatu, kata vichwa vya mbegu mara vinapochomoza, Mei hadi mwanzo wa Juni, kwani sumu hujikusanya huko kuliko kwenye jani. Na usimwage mbolea nyingi ya naitrojeni majira ya kuchipua. Nyasi itapendeza, lakini sumu itapanda pamoja nayo.

Nne, Julai na Agosti wahamishe kama una pa kuwahamishia. Nyasi ambayo Wamarekani huiita Bermuda ni ukoka wetu ule ule, na hustawi joto linapozidi, wakati feskyu imelala. Mbuzi wako wapeleke kwenye vichaka na magugu. Mbuzi kwa asili anapenda kuchuma majani kuliko kulisha chini, na tabia hiyo itamwokoa.

Kung'oa yote na kupanda upya inawezekana. Zipo feskyu zilizotiwa kuvu nyingine, iliyochaguliwa New Zealand, ambayo inailinda nyasi bila kutengeneza ergovalini. Inayojulikana zaidi ni MaxQ. Njia iliyothibitika ni hii: unaua nyasi ya zamani kwa dawa kabla haijatoa mbegu, unapanda mtama wa malisho au uwele uifunike kiangazi kizima, unapulizia tena mwisho wa Agosti, na Septemba unapanda mpya. Mbegu yake ni ghali na lazima iwe ya mwaka ule, iliyohifadhiwa mahali pa baridi, kwa kuwa kuvu iliyo ndani hufa kabla ya mbegu kufa. Lakini shamba si lako, ndugu yangu. Usizike pesa kwenye udongo wa mtu bila mkataba wa miaka kadhaa ulioandikwa na kutiwa sahihi. Anza na klova.

Mama Shamba, shikamoo. Nina ng'ombe wa Friesian karibu na Ol Kalou. Kaka yangu aliyeko Marekani anakuja Desemba na ameninunulia mfuko wa mbegu za Kentucky 31. Anasema huko ndiyo nyasi ya ng'ombe. Nitayarishe sehemu gani ya shamba?
*Msomaji, Nyandarua*

Marahaba, mwanangu. Usitayarishe sehemu yoyote, na mpigie kaka yako leo mbegu hizo zibaki huko. Umesoma nilichomjibu mwenzako hapo juu. Baridi ya Ol Kalou feskyu ingeikubali, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi: ikishika, itashika pamoja na kuvu yake, kisha utauza maziwa machache zaidi bila kujua sababu.

La pili ni sheria. Mbegu haziingii Kenya kwenye sanduku la nguo. Zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kinachotolewa kabla hazijasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Watu huona huo ni usumbufu wa makaratasi. Mimi nimeshughulika na malisho maisha yangu yote, na nakuambia nyasi ngeni ikishatoroka uani haikamatwi tena. Uliza Australia na California wanavyoteseka na nyasi ya kikuyu, ambayo ilitoka kwetu milimani, ikapelekwa huko kwa nia njema kabisa.

Na hapo ndipo ninapotaka utazame: chini ya miguu yako. Nyasi ya kikuyu inayoota kando ya boma lako, inayong'olewa kila siku kama gugu kwenye viazi, ukiilisha ikiwa fupi na kuirudishia samadi, ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Ongeza oti na vechi (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) zilizopandwa pamoja, ukate oti inapoanza kutoa vichwa na kutengeneza sileji. Baridi yenu inazipenda. Nepia iweke sehemu ya chini ya shamba isiyopigwa na jalidi. Pesa ambazo kaka alitaka kubebea mfuko, mwombe akununulie chombo cha kukatia malisho.

Feskyu, kwa kweli, si ngeni kabisa kwetu. Ukipanda Mlima Kenya ukapita msitu, ukapita mianzi, ukatokea kwenye uwanda wa juu wenye ukungu, yale mashungi makubwa ya nyasi unayojikwaa nayo ni feskyu wa huko, Festuca pilgeri. Aberdare wapo vilevile. Ethiopia, katika nyanda za Menz, kuna eneo liitwalo Guassa ambako wenyeji walilinda feskyu yao kwa karne kadhaa chini ya utaratibu wao wa kimila: eneo lilifungwa kwa miaka, hakuna kukata wala kuchunga, kisha wazee walilifungua na kila mwenye haki alipata fungu lake la kuezekea nyumba na kusokota kamba. Mtu akiniuliza feskyu gani naiheshimu kuliko zote, ni hiyo ya Guassa. Lakini si ya kukamulia maziwa.

Salamu Mama. Nafanya kazi kwenye shamba la farasi karibu na Versailles, Kentucky, zamu ya usiku, msimu wa kuzaa. Mwaka huu farasi jike mmoja alipitisha tarehe yake mbali sana, akazaa mwana dhaifu, na hakuwa na tone la maziwa. Wakubwa walisema "feskyu" na hawakunieleza zaidi. Nataka kuelewa, kwa sababu usiku niko peke yangu nao.
*Msomaji, Kaunti ya Woodford*

Barua yako nimeipenda, kaka. Anayekesha zizini ndiye anayehitaji kujua kuliko mwenye ofisi.

Farasi jike huumizwa na feskyu yenye kuvu kuliko ng'ombe, na huumizwa mwisho wa mimba. Mimba ya kawaida ni kama siku 340. Sumu ile ile inayopunguza prolaktini huchelewesha uchungu, hivyo mwana anazidi kukua tumboni, hukausha kiwele, na hulifanya kondo la nyuma kuwa nene na gumu. Linaweza kubanduka kabla mwana hajatoka.

Kwa hiyo shika hili. Katika uzazi wa kawaida kinachotangulia ni mfuko mweupe unaong'aa. Ukiona mfuko mwekundu kama mahameli, kondo limebanduka na mwana hapati hewa. Hapo usingoje ruhusa ya mtu. Pasua mfuko huo, saidia kumtoa mwana, na mtu mwingine au simu iliyowekwa sauti kubwa iwe inamwita daktari wakati huo huo. Waombe wakubwa wako wakufundishe kitendo hicho mchana, kabla ya msimu, mbele ya daktari. Ni ombi halali na lina faida kwao.

Mwana akizaliwa na mama hana maziwa, anahitaji maziwa ya kwanza, yaani dang'a, kutoka kwa jike mwingine au kwenye friza, ndani ya saa chache. Waulize yamehifadhiwa wapi na nani ana ufunguo.

Kinga yake ni kumwondoa jike kwenye feskyu siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa, na hei pia isiwe ya feskyu hiyo, kwa sababu kukausha kunapunguza sumu bila kuimaliza. Pale isipowezekana, daktari ana dawa iitwayo domperidoni. Hiyo ni kazi yake, si yetu. Wewe andika kwenye daftari la zamu ni lini kiwele kilianza kujaa. Kama siku zinakwisha na kiwele bado ni bapa, sema asubuhi hiyo hiyo.

Mama Shamba, tumenunua nyumba yetu ya kwanza Louisville. Nyasi ya mbele ya nyumba inakauka kila Julai, na jirani zetu wanatutazama vibaya. Dukani kuna mifuko mingi. Tununue ipi, na tupande lini?
*Familia, Louisville*

Hongereni kwa nyumba. Mkubali kungoja hadi Septemba, kati ya mwisho wa Agosti na wiki ya tatu ya Septemba, hata kama jirani watatazama. Mbegu ya masika huota vizuri, halafu Julai inaikuta mizizi ni mifupi.

Nunueni feskyu ndefu ya uwanja, ile iliyozalishwa kwa ajili ya nyumba, yenye jani jembamba na rangi nzito, si Kentucky 31 ya malisho. Kentucky 31 ni rahisi kuliko zote na mfuko wake huwa umewekwa mbele kabisa. Kwa hiyo usisome picha, soma lebo nyuma: majina ya aina, tarehe ya kupimwa, na asilimia ya magugu, ambayo iwe sifuri au karibu yake. Kuvu hapa haina neno, hata ina faida, maana inakimbiza wadudu na hamna ng'ombe wa kula uani. Mkija kufuga hata mbuzi mmoja nyuma ya nyumba, nisomeni upya.

Kwaruza udongo kwa reki mpaka mbegu iguse ardhi tupu. Kilo 3 hivi kwa kila mita za mraba 90. Mwagilia kidogo kidogo kila siku mpaka iote, kisha kwa nafasi lakini kwa kina. Feskyu haitambai kujaza mapengo kama ukoka, kila shungi linakaa pale lilipo, hivyo mtaongeza mbegu kidogo kila vuli. Mashine ikate kwa urefu wa sentimita 8 hadi 10. Watu wanakata chini sana wakidhani wanapunguza kazi, wanachoma mizizi. Mbolea ni ya vuli. Mkiweka kiangazi, joto na unyevu wa Louisville vitawaletea mabaka ya kahawia.

Nimeona picha za nyasi ya buluu, mafungu madogo ya duara, nikaipenda kwa bustani yangu ya Nyali. Naipata wapi?
*Msomaji, Mombasa*

Hiyo ni feskyu ya buluu, ya milima ya Ulaya ya kusini, urefu wa sentimita 20 hadi 30 tu. Inataka jua, mchanga unaopitisha maji na usiku wa baridi. Nyali ina mawili ya kwanza, na la tatu haliuzwi. Joto lenye unyevunyevu litaiozesha katikati. Usinunue, dada, panda ukoka.

Mama, uani kwetu Leeds kuna mti mkubwa wa jirani na chini yake ni matope matupu. Nimepanda nyasi mara nyingi, haidumu.
*Msomaji, Uingereza*

Acha mchanganyiko wa kawaida wa dukani. Tafuta mfuko wa kivuli ambao sehemu kubwa yake ni feskyu nyembamba: nyekundu inayotambaa, ile ya Chewings, na feskyu ngumu. Jani lake ni kama uzi, linaridhika na mwanga mdogo na udongo maskini. Panda mwanzo wa Septemba, fagia majani ya mti kila wiki yasiifunike, usiikate chini ya sentimita 5, na mbolea uipe mara moja kwa mwaka, kidogo. Ukizidisha kwa huruma italainika na kulala. Watoto wacheze upande mwingine mpaka masika, na mwombe jirani kwa upole apunguze matawi ya chini, akusaidie na mwanga wa asubuhi.